Pumzi, Taya na Shingo: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Swali: Mimi ni fundi wa nakshi za milango, Langoni, Lamu. Kila jioni taya na shingo huniuma. Mwenzangu anadai kuwa ni namna ninavyopumua. Je, kuna ukweli?

Jibu: Upo, Fundi, ingawa pumzi peke yake ni nadra kuwa chanzo chote. Kazi ya kuvuta hewa ni ya kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao ukishuka mbavu za chini hutanuka na tumbo hutoka kidogo. Misuli inayotoka kwenye pingili za shingo hadi mbavu mbili za juu, pamoja na ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, ni wasaidizi wanaohitajika zaidi mtu anapokimbia au anapokosa hewa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na hata kwa hesabu ya chini hizo ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku; misuli hiyo myembamba ikibebeshwa kazi hiyo kutwa nzima, haiachi kuuma.

Katika kazi yako lipo jambo la ziada. Fundi anapoinamia ubao na kupiga patasi mara nyingi huzuia pumzi na kukaza meno, kisha huvuta hewa kwa ghafla huku mabega yakipanda. Mishipa ya fahamu ya uso na ile ya sehemu ya juu ya shingo hupeleka habari zake mahali pamoja, kwenye shina la ubongo na mwanzo wa uti wa mgongo, kwa hiyo shingo iliyochoka inaweza kuhisiwa kama taya au sikio linalouma, na taya nalo likahisiwa shingoni. Jizoeze kutoa pumzi kila unapopiga, na uinue ubao ili usiinamishe kichwa sana. Unapopumzika, midomo ifungwe lakini meno yasigusane, na ulimi ulale juu kwenye kaakaa. Ikiwa maumivu ni ya upande mmoja tu, muone kwanza daktari wa meno, maana jino bovu halitibiwi kwa pumzi.

Swali: Mwanangu wa miaka minane hulala mdomo wazi, hukoroma, na huamka akilalamikia shingo. Nimeona kwenye simu watu wakijibandika plasta mdomoni. Nimfanyie hivyo? (Mama, Malindi)

Jibu: La, Mama, usimbandike. Mtoto anayepumua kwa mdomo kwa kawaida anafanya hivyo kwa sababu pua haipitishi hewa ya kutosha, na kumziba mdomo ni kumnyima njia aliyobakiwa nayo. Pua ikiziba, ulimi hushuka kutoka kwenye kaakaa, taya huning'inia, na kichwa husogezwa mbele au kulazwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke; shingo ndiyo inayolipa gharama ya mkao huo usiku kucha. Sababu inaweza kuwa mzio wa vumbi, au tezi zilizovimba kooni na nyuma ya pua. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, hasa ukisikia pumzi ikikatika usingizini. Kumsafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia, mradi maji yawe yamechemshwa na kupoa. Wapo wanaosema kuogelea baharini kunatosha. Mimi sikubaliani nao.

Swali: Nasomesha madrasa Mkomani, na baada ya darasa shingo hukakamaa. Nipunguze sauti?

Jibu: Maalim, mara nyingi tatizo haliko kwenye sauti. Liko kwenye ile pumzi ya haraka ivutwayo kwa mdomo baada ya pumzi ya kwanza kumalizika kabisa. Simama katika mahali pa waqfu, yaani pa kituo katika kisomo, kabla hujaishiwa, vuta hewa kwa pua huku ukihisi mbavu za pembeni zikitanuka, na uinue marufaa, yaani kiweko cha msahafu, ili usisome ukiwa umeinama.

Swali: Natafuna muguka, yaani majani ya jamii ya miraa, kila jioni na taya zinalia. Nikijifunza kupumua zitapona? (Kijana, Malindi)

Jibu: Hapana. Kiungo kinachotafuna kwa saa nyingi kinahitaji kupumzishwa, na muguka hukunyima usingizi juu ya hayo. Taya linalolia bila kuuma si ugonjwa. Likiuma au likikwama, nenda hospitali.

Swali: Nitajuaje kama napumua vibaya, na ni lini nimuone daktari? (Bi wa Faza, kisiwani Pate)

Jibu: Lala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Ukiwa umetulia, mkono wa tumboni ndio unaopaswa kupanda zaidi. Usipopanda, fanya mazoezi kwa dakika tano asubuhi na jioni, ukivuta hewa taratibu kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu zaidi. Usivute pumzi kubwa mfululizo, kwani utapata kizunguzungu.

Usijaribu mazoezi haya, Bi, ikiwa maumivu ya taya yameandamana na kifua kubana, jasho jingi au pumzi kukatika, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za shambulio la moyo. Vivyo hivyo taya likikaza baada ya jeraha, kwani pepopunda huanza hivyo. Katika hali hizo mbili tafuta boti usiku huo huo, wala usingoje ya asubuhi.