Faili limefutwa, diski bado imejaa

Ndugu yangu, ikiwa seva ya Linux ya ofisi yenu ya uwakala wa forodha hapo Kilindini bado inaonyesha kuwa /var, sehemu ya diski inayotunza kumbukumbu za mfumo, imejaa, ilhali mmekwisha kulifuta faili kubwa la kumbukumbu (log), yamkini ipo programu ambayo ingali imelifungua faili hilo, na mfumo hauwezi kuirejesha nafasi yake mpaka programu hiyo iliachie. Amri ya lsof +L1 itawaonyesha ni ipi. Iwasheni upya hiyo peke yake, wala si seva nzima, hasa meli zikiwa gatini. Faili ambalo bado linaandikwa ni afadhali kulipunguza hadi sifuri kwa amri ya truncate -s 0 ikifuatwa na jina la faili, badala ya kulifuta. Mkishindwa, tazameni kwa amri ya df -i, kwani inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili kwenye diski, nazo huisha.