Seva kula RAM bila data kuongezeka
Yakhe, MariaDB yenu (programu ya hifadhidata) hapo Chake Chake kuvimba kila wiki ilhali data ni ile ile, si lazima iwe inavuja kumbukumbu, yaani kuikamata bila kuiachia. Vipande vya kumbukumbu vilivyoachiwa hubaki vimetawanyika baina ya vinavyotumika, kama nafasi baina ya meza za soko la Darajani: zipo, ila meza kubwa haipati pa kukaa. Malloc ya glibc (kigawa kumbukumbu cha kawaida cha Linux) huzidisha mtawanyiko huo, maana kwenye mfumo wa biti 64 huweza kufungua arena, yaani maeneo ya kugawia kumbukumbu, hadi 8 kwa kila kiini cha prosesa. Weka kigezo cha mazingira MALLOC_ARENA_MAX=2 ili arena zisizidi mbili, au bora zaidi tumia jemalloc, kigawa kumbukumbu kingine, kisha izime MariaDB na uiwashe tena. Tafadhali msinunue RAM kabla ya hapo. Ikiendelea kupanda bila kutulia, ndipo utafute uvujaji.