Kikao cha pili ndipo tunapompoteza kijana

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kwa nini vijana wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hawapati ushauri nasaha hata pale shule inapokuwa na mwalimu wa unasihi. Kwa maoni yangu, wengi huonwa mara moja kisha wakapotea, na sonona haiponi kwa kikao kimoja.

Kwanza hata kuitambua ni shida. Kwa kijana wa miaka 15, sonona mara nyingi huja kama hasira, tumbo kuuma, usingizi kuvurugika, alama kushuka. Nyumbani ataambiwa ana kiburi. Zahanati atapimwa malaria na kupewa panadol. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, afanyiwe tathmini kamili. Swali la tisa, la kuwaza kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Akijibu chochote zaidi ya 0, mwulize waziwazi siku hiyohiyo kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Viuatilifu, dawa ya panya na vidonge vifungiwe, naye asiachwe peke yake.

Sasa kikao chenyewe. Mwalimu wa unasihi asiwe ndiye wa nidhamu: nani atamfungulia moyo mtu aliyemchapa jana? Mshauri aeleze mwanzoni kabisa kipi kitabaki siri na kipi hakitabaki, yaani hatari kwa uhai wake au kufanyiwa ukatili. Kijana akija kugundua kwamba mama ameshaambiwa kila kitu, harudi.

"Njoo wiki ijayo" si miadi. Andika tarehe, saa na jina la atakayempokea. Kliniki nyingi hufunguliwa saa za masomo, kwa hiyo anahitaji ruhusa, na karatasi ya ruhusa iandikwe "kliniki" tu. Nauli izungumzwe palepale. Ikibidi kuongea kwa simu, uliza kwanza simu ni ya nani na nani amekaa karibu. Rufaa iende kwa barua, na afisa ustawi wa jamii apigiwe ajue kijana anakuja.

Wataalamu ni wachache, lakini hiyo isiwe sababu ya kukaa tu. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwafunza vijana waliotoka sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Walio katika hali nzito wapelekwe hospitali.

Huko, mzazi aulize jina la dawa. Amitriptilini haifai kwa sonona ya vijana, na ikizidishwa huua. Fluoksetini hutumika, ila mwezi wa kwanza aonwe kila wiki, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Tanzania namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia huficha mtoto aliyekunywa sumu badala ya kumkimbiza hospitali. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba. Bunge letu nalo likifute.