Barua kwa mwanangu: daftari la shukrani na mtu aliye ndani yake

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Barua yako nimeipata. Umeuliza kama hili daftari la shukrani unaloandika kila usiku lina faida ya kweli ama ni njia tu ya mtu kujiliwaza. Umeuliza pia mbona wiki ya kwanza lilikupa wepesi wa moyo, na sasa hata mwezi haujaisha unaandika "afya, familia, kazi" huku unasinzia. Na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, umeuliza kama linaweza kuisaidia ndoa isiyo na ugomvi ila imepoa. Hilo la mwisho ndilo zito, nitalifikia. Tuanze na uchovu.

Unaandika mara nyingi mno. Binadamu huzoea upesi jambo linalojirudia, liwe jema au baya, na shukrani nayo huzoeleka. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kuwapa wanafunzi kazi ya kuhesabu mema yao kwa wiki 6, kundi moja mara 1 kwa wiki, jingine mara 3. Walioongezeka furaha ni wale wa mara 1. Wa mara 3 hawakupata nafuu ya maana. Upande mwingine, jaribio la Martin Seligman na wenzake lililochapishwa mwaka 2005 liliwataka watu waandike mambo matatu mema kila usiku kwa wiki moja tu, na kwa kila jambo waeleze kwa nini lilitokea. Furaha yao ilibaki juu hata miezi 6 baadaye, hasa kwa wale walioendelea kwa hiari yao. Ukiyaweka matokeo hayo pamoja utaona njia: kila usiku inafaa kwa wiki ya kwanza, ili macho yajifunze kutafuta. Baada ya hapo mara moja kwa wiki inatosha. Kinachoharibu ni kila usiku bila kikomo.

Lakini hata ukipunguza siku, "afya, familia, kazi" haitakusaidia. Maneno hayo hayana tukio ndani yake. Unaweza kuyaandika bila kukumbuka chochote kilichotokea, na kazi ya daftari ni kukufanya ukumbuke. Tazama tofauti. Mtu anaandika: "Namshukuru mume wangu." Mwingine anaandika: "Jumanne usiku kikohozi kiliponikaba, aliamka bila kuombwa, akachemsha maji, akakaa nami kitandani mpaka nikatulia, na alijua alfajiri ana safari." Huyu wa pili ameirudia ile saa. Ameona pia kitu ambacho pengine usiku ule hakukiona, kwamba mwenzake alitoa usingizi wake mwenyewe.

Basi fanya hivi. Chagua siku moja na saa moja ambayo hukimbizwi na kitu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Andika kwa kalamu kama unaweza, kwa sababu mkono huenda polepole kuliko simu na polepole ndiyo tunayoitaka hapa. Tafuta mambo matatu, yasizidi matano. Siku ambayo limepatikana moja tu lenye uzito, andika hilo moja kwa urefu na ufunge daftari, usijaze nafasi. Kwa kila jambo andika sentensi tatu au nne: kilichotokea na lini, nani alihusika, alitoa nini, yaani muda, fedha, usingizi, au hata kiburi chake, na kwa nini alifanya au kwa nini jambo lilitokea. Hiyo "kwa nini" watu huiruka, wakati ndiyo inayokuonyesha kwamba jema hilo lilikuwa na chanzo na chanzo hicho bado kipo. Na usirudie jambo la wiki iliyopita, isipokuwa umeona upande wake mpya.

Wiki ambayo huoni kitu, kuna mbinu ya pili, na mimi naiamini kuliko zote. Chukua jema moja ulilonalo, kisha andika jinsi ambavyo lingeweza lisitokee kabisa. Mngekosanaje siku ile mliyokutana? Ni mlolongo gani ungekatika, ni mwaliko upi usingefika? Minkyung Koo na wenzake walilipima hili mwaka 2008. Walioandika jinsi ambavyo wangeweza wasikutane na wenzi wao waliridhika zaidi na uhusiano kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Cha ajabu, watu walipoulizwa mapema, walitabiri kinyume. Sababu yake inaeleweka: kisa cha mlivyokutana umekizoea, lakini ukifikiri kwamba kingeweza kutotokea, kinarudi kuwa kigeni machoni pako.

Sasa swali la faida. Ndiyo, ipo, na wala si kubwa kama inavyotangazwa. Kazi iliyoanzisha mengi ni ya Robert Emmons na Michael McCullough ya mwaka 2003. Waliwagawa watu makundi: baadhi waandike mambo wanayoshukuru, baadhi kero zao, baadhi matukio tu. Wanafunzi walioandika shukrani mara moja kwa wiki, kwa takribani wiki 10, waliyaona maisha yao kwa uzuri zaidi, waliitazamia wiki inayofuata kwa matumaini, na walilalamikia maumivu ya mwili kidogo kuliko walioandika kero. Katika sehemu nyingine, watu wenye maradhi ya mishipa ya fahamu na misuli waliandika kila siku kwa siku 21. Walilala muda mrefu zaidi na waliamka wakijisikia wamepumzika, na ndugu na wenzi wao, walioulizwa kando, waliona mabadiliko ya hali ya moyo. Hapo ndipo ninapokaa, mwanangu, kwa sababu mtu anaweza kujidanganya kwenye karatasi, lakini si rahisi kumdanganya anayelala naye chumba kimoja.

Hata hivyo, linganisho likiwa ni la watu walioandika kero, tofauti huonekana kubwa. Likiwa ni la watu waliofanya shughuli nyingine ya kuwafaa, tofauti husinyaa. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens walichapisha uchambuzi wa tafiti 27, wakaona kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo daftari si tiba. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo usingizi au hamu ya chakula vimeharibika, na hakuna kinachokufurahisha, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili, usiniandikie kwamba umeongeza kurasa. Tena, mtu aliyezama katika huzuni akilazimishwa kushukuru huweza kuumia zaidi: hutafuta cha kushukuru, hakipati, kisha hujilaumu kwamba ni mtovu wa fadhila.

Nije kwenye ndoa.

Daftari peke yake halipashi moto ndoa. Linachofanya ni kukusanya ushahidi. Katika nyumba iliyopoa bila ugomvi, mara nyingi mema hayajakoma. Yamekuwa kawaida, na kawaida haionekani. Sara Algoe, ambaye amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, anaeleza shukrani kama hisia inayotusaidia kumtambua mtu mwema kwetu, kutukumbusha thamani ya tuliye naye tayari, na kutufunga naye. Yeye na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwafuatilia wapenzi wanaoishi pamoja kwa taarifa za kila siku. Siku ambayo mmoja alihisi shukrani kwa mwenzake, kesho yake uhusiano ulionekana bora kwa wote wawili, aliyeshukuru na aliyeshukuriwa. Na hayakuwa mambo makubwa. Yalikuwa yale madogo ya nyumbani, mradi yameonyesha kwamba mwenzako amekufikiria.

Ila ili yeye ashukuriwe, lazima asikie. Hapa ndipo wengi hukosea: wanajaza kurasa kuhusu mtu ambaye hajui kitu. Kila wiki chagua mstari mmoja tu unaomhusu, umwambie kwa mdomo. Usimsomee, na usitangaze kwamba ni zoezi. Na chunga unavyosema. Algoe na wenzake walitenganisha aina mbili za shukrani: ile inayotaja faida uliyopata wewe, na ile inayomtaja aliyetenda. "Ahsante, umenipunguzia kazi" ni nzuri. "Uliona nimechoka kabla sijasema, wewe huwa unaangalia watu" inafika mbali zaidi, kwa sababu inamwambia kwamba ameonekana yeye mwenyewe, mbali na kazi aliyoifanya. Ukisema hivyo, usiambatishe ombi wala "lakini". Shukrani yenye ombi nyuma yake husikika kama malipo ya awali.

Utaona aibu. Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba wanaoandika barua za shukrani hudhani mpokeaji ataona haya kuliko anavyoona kweli, na hukadiria chini mno furaha atakayoipata. Kwa hiyo aibu yako usiichukue kuwa kipimo cha atakavyopokea yeye.

Ukitaka kufanya kubwa zaidi, mwandikie barua ya ukurasa mmoja: alichofanya, lini, kilibadilisha nini kwako, na leo kiko wapi katika maisha yako. Katika jaribio la Seligman, barua iliyopelekwa na kusomwa ana kwa ana ndiyo iliyoleta furaha kubwa kuliko mazoezi mengine yote, lakini baada ya miezi 3 ilikuwa imekwisha. Ihifadhi kwa nyakati maalumu, usiifanye ratiba. Na kama barua ni ya mtu ambaye hamwezi kuonana, iandike hata usipoituma. Joel Wong na wenzake waliwapa kazi hiyo watu waliokuwa wakipata ushauri nasaha, barua moja kwa wiki kwa wiki 3. Wengi hawakuzituma, na bado hali yao ya akili ilikuwa bora baada ya wiki 4, na zaidi baada ya wiki 12. Wiki moja baada ya kumaliza kuandika hakukuwa na tofauti. Usikate tamaa mapema.

Kuna mahali pa kujihadhari, na hapa nakusihi kama mzazi. Shukrani isikuzibe mdomo. Nathaniel Lambert na Frank Fincham waliona mwaka 2011 kwamba waliozidisha kuwashukuru wenzi wao walijisikia huru zaidi kueleza yanayowakera. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukijikuta unaandika mema ya mtu ili usiseme baya analokufanyia, daftari limegeuka pazia. Dharau, vitisho au kipigo havisawazishwi na kikombe cha chai. Hayo ni mambo ya kuyakimbia, na mlango wangu unaujua. Sijasoma chochote cha namna hiyo katika barua yako, ila nimeyaandika kwa sababu wanaotoa ushauri wa shukrani huyaacha.

Jingine ni deni. Ukimaliza kuandika ukasikia "sasa namdai nini, na yeye ananidai nini", umeandika hesabu. Hilo hutokea sana pale mtu alipopewa kitu chenye masharti. Acha tukio hilo, chukua jingine ambalo halikudai malipo. Na usishukuru kwa kujilinganisha na wenye shida kuliko wewe. Kujilinganisha huko humwacha mtu na hofu ya kufika walipo, wala hakukuonyeshi mtu yeyote wa kumwambia ahsante.

Uliniuliza pia kama umpe mumeo daftari asome. Usimpe. Ukijua atasoma, utaanza kumwandikia yeye, nawe utaacha kuandika siku ambazo hukumwona vizuri, na siku hizo pia zina watu wengine ndani yake: jirani, mfanyakazi mwenzako, dada yako. Likae lako. Yeye akitaka la kwake, aanze la kwake, na msikaguane. Kurasa za mwezi huu uliokuchosha usizichane. Baada ya wiki 6 za mara moja kwa wiki zisome zote kwa mkupuo, uangalie ni majina gani yanajirudia na ni yapi hujawahi kuyaambia neno. Kisha niandikie umeona nini.

Mama yako