Anayekuuzia kiwanja, amekipataje?

Vijana wengi wanaonifuata hapa Kigoma na akiba yao ya kwanza huniuliza: ninunue wapi, Gungu, Mwanga au Ujiji? Mimi huwauliza kwanza: anayekuuzia, kiwanja amekipataje?

Kiwanja changu cha kwanza nilikinunua Ujiji, kwa mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye kiwanja. Alinionyesha muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi tisa na muhuri wa serikali ya mtaa, nikaamini mambo yamekamilika. Nimeshamwaga zege la msingi, akaja dada yake aliyeolewa Kasulu, na baada yake mama wa kambo na wanawe. Hakuna hata mmoja wao aliyesaini. Sikuweza kuwachukia, maana haki ilikuwa yao. Shauri lilikaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya zaidi ya mwaka, na mwisho nililipa mara ya pili ili nibaki na msingi wangu.

Ndugu zangu, muhtasari wa ukoo unapendekeza tu jina la msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama, na kwa familia nyingi za hapa ni Mahakama ya Mwanzo. Kabla ya uteuzi huo, hata kifungua mimba hana mamlaka ya kuuza. Muhuri wa mtaa nao si ushahidi wa umiliki. Hata msimamizi akiwepo, omba kukaa na warithi wote, walio mbali wapigiwe simu, kisha kila mmoja asaini mbele ya wakili. Familia inayokataa kikao hicho, achana na kiwanja chake hata kiwe cha bei ya kutupa.

Muuzaji akiwa na mwenza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza huyo kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Kwetu Ujiji wake wanaweza kuwa wawili au watatu. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kuna na hili la ziwa. Dalali atakupeleka Kibirizi Oktoba, maji yakiwa yameshuka, ufukwe mpana na upepo mzuri. Rudi mwenyewe Mei, mvua zikiwa zinaishia. Miaka ya karibuni Tanganyika imepanda ikaingia kwenye nyumba za watu, na wengine wamehama kabisa. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nenda na futi kamba.

Kwa wapangishaji nina neno moja tu. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayeilipa ni mpangaji anaponunua umeme, ingawa deni ni lako. Andikeni kwenye mkataba kwamba utamrudishia. Mpangaji mzuri nimeona akihama kwa jambo dogo kama hilo.

Na kiwanja kikiwa kimepimwa, chukua namba yake na ya kitalu, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zao kimeandikwa kwa jina la nani, halafu mlete mpima akuonyeshe mawe ya mipaka. Nenda kwa miguu yako, usimtume dalali.