Kabla ya kusoma kipimo cha damu cha kidole tumbo, uliza maumivu yalianza saa ngapi

Kosa lililonifundisha kusoma vipimo vya kidole tumbo nililifanya mwenyewe, nikiwa zamu ya usiku katika chumba cha dharura. Kijana mmoja alifika akilalamika kwamba tumbo limemuuma kuzunguka kitovu kwa muda wa saa tano hivi. Chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda kidogo tu, na CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapokuwa na uvimbe, ilikuwa ya kawaida kabisa, nami nikampa dawa ya maumivu na kumruhusu aende nyumbani. Alirudi siku iliyofuata akitembea ameinama, maumivu yamehamia chini upande wa kulia na CRP imepanda sana, akapelekwa moja kwa moja kufanyiwa upasuaji. Maabara haikukosea, mimi ndiye niliyesoma majibu ya saa ya tano kana kwamba ni ya siku ya pili.

Viashiria hivi havipandi kwa pamoja. Nyutrofili, ambazo ni sehemu kubwa ya chembechembe nyeupe, huongezeka mapema, ndani ya saa chache tangu uvimbe uanze, kwa kuwa mwili una akiba yake tayari. CRP hutengenezwa na ini baada ya kupokea ishara ya uvimbe, kwa hiyo mara nyingi huanza kuonekana baada ya saa 6 hadi 12 na kufikia kilele karibu na siku ya pili. Ndiyo maana CRP ya kawaida kwa mtu aliyeanza kuumwa asubuhi ya leo hainitulizi, ilhali CRP ya kawaida pamoja na chembechembe nyeupe za kawaida kwa mtu aliyeumwa siku mbili hunifanya nianze kutafuta chanzo kingine cha maumivu, ingawa hata hapo sikifuti kidole tumbo moja kwa moja.

Ninachoshauri ni kutolipatia jibu la maabara uzito mkubwa kuliko linavyostahili. Katika alama za Alvarado, zinazojumlisha dalili na vipimo ili kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, na zilizotolewa mwaka 1986, damu huchangia alama 3 tu kati ya 10, yaani 2 kwa chembechembe nyeupe kuzidi 10,000 na 1 kwa ongezeko la nyutrofili. Zilizobaki hutokana na maelezo ya mgonjwa, joto la mwili na mkono wa tabibu juu ya tumbo. Alama za AIR, mfumo mwingine wa aina hiyo ambao huhesabu pia CRP, huipa damu 6 kati ya 12, na mimi huzipenda zaidi kwa sababu hutofautisha CRP ya 15 na ya 80. Bilirubini, ile rangi ya njano ya damu inayosafishwa na ini, ikipanda kwa mtu asiye na ugonjwa wa ini, huwa naharakisha kumwita daktari wa upasuaji, maana huenda kidole tumbo kimeshatoboka.

Wapo wagonjwa wanaoivuruga hesabu hii. Mjamzito anaweza kuwa na chembechembe nyeupe nyingi bila ugonjwa wowote, anayetumia dawa za steroidi vilevile, na mzee anaweza kuwa na kidole tumbo kilichooza huku damu yake ikionekana tulivu. Hata mkojo hudanganya: kidole tumbo kilichovimba karibu na mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo huweza kuacha chembechembe nyeupe kwenye mkojo, mgonjwa akatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo.

Siku hizi, mgonjwa akinitia shaka mapema, namweka chini ya uangalizi, nalishika tumbo lake tena baada ya saa chache, narudia vipimo baada ya saa 6 hadi 12, na shaka ikibaki naomba ultrasaundi au picha ya CT. Kando ya kila jibu ninaandika idadi ya saa tangu maumivu yaanze, ili mwenzangu wa zamu inayofuata asilazimike kubahatisha.