Usimpandishe mzee ndege akiwa bado na gesi jichoni

Dada, ghairi hiyo tiketi ya Ijumaa. Ghairi kwanza, ndipo urudi usome.

Umeandika kwamba mzee wako kafanyiwa upasuaji wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, Dar siku tisa zilizopita, kawekewa gesi, na mnamrudisha Dodoma kwa ndege ili basi lisimtikise. Jicho langu la kulia halioni tangu 2022. Nililipoteza kwenye safari hiyohiyo, kwa kukwepa mtikisiko huohuo.

Mimi ni fundi ujenzi, niko Nkuhungu, hapa Dodoma. Nilianza kuona vimulimuli pembeni, kisha vidoti vyeusi, kisha kama pazia linashuka. Nikapelekwa Dar. Wakatoa ute wa ndani ya jicho, wakapiga leza, wakajaza gesi. Gesi inaishikilia retina ukutani mpaka igande, kama mirunda inavyoshikilia zege mpaka likomae. Nililala kifudifudi siku nyingi, mpaka mwanangu mdogo akachungulia chini ya kitanda kuuliza baba umeangusha nini.

Baadaye nikaanza kuona mstari ndani ya jicho, unacheza kila nikisogeza kichwa, sawasawa na kiputo cha pimamaji. Juu ya mstari kuna nuru, chini ukungu, na kila siku mstari unashuka kidogo. Muulize mzee kama anauona. Akiuona, gesi bado imo.

Siku ya kumi na mbili wangu ulikuwa bado katikati. Siku hiyo ndiyo nilipanda ndege.

Tiketi alikata shemeji yangu. Alisema barabara ya Dar mpaka Dodoma ina matuta mengi, retina itachomoka tena, ndege haitikisi. Maneno yalikaa kama ya mtu anayejua. Lakini yeye simlaumu sana. Hasira yangu ni kwa aliyeniruhusu kutoka wodini akijua kabisa naishi Dodoma. Alinikabidhi karatasi ya Kiingereza imeandikwa C3F8, mimi nikadhani ni namba ya faili. Kumbe ndilo jina la gesi yenyewe, na hiyo hukaa jichoni wiki sita hadi nane. Ipo nyingine, SF6, ambayo huisha kwa wiki mbili hivi. Sentensi moja tu ya Kiswahili, "usipande ndege mpaka nikuambie", ingeniachia jicho langu.

Sikia kinachotokea. Umewahi kununua pakiti ya krispi Dar, ukifika Gairo unakuta imevimba kama mpira? Hewa ya nje imepungua msukumo, ya ndani inatanuka. Ndani ya ndege msukumo unaweza kushuka mpaka ukawa kama wa mlima wa mita 2,400, na hapo gesi hutanuka kwa karibu theluthi. Pakiti ina pa kuvimbia. Jicho halina. Presha inapanda, mshipa unaopeleka damu kwenye retina unabanwa.

Tulikuwa hatujamaliza kupaa nikahisi jicho limekamatwa na koleo. Nikatapika kwenye mfuko. Nikaziba jicho zima kwa kiganja nijaribu lile bovu, nikaona kiza kinaingia kutoka pembeni mpaka taa ya juu ya kiti ikazimika. Wengine wote walikuwa wanaiona inawaka. Tulipotua Dodoma maumivu yakapungua, nikasema ni uchovu, nikaenda kulala. Hilo ni kosa la pili, maana retina ikikosa damu inakufa kwa saa chache tu. Asubuhi daktari wa hapa mjini akamulika, akanyamaza, kisha akaniambia retina imeshika vizuri kabisa, upasuaji ulifaulu. Imeshika, ila imekufa. Naandika haya na bado yananikaba.

Kwa hiyo shika hili: mzee asipande kwenda juu kwa chombo chochote mpaka daktari aliyempasua amulike ndani ya jicho na aseme kwa mdomo wake kwamba gesi imeisha. Msihesabu siku wenyewe. Msimuulize wakala wa tiketi, wala mtu wa famasi, wala shemeji.

Na msikimbilie basi au treni mkidhani mmepona. Dar iko usawa wa bahari, Dodoma iko mita 1,100 na zaidi. Huo nao ni mlima kwa jicho lenye kiputo kikubwa. Mwambieni daktari wazi kwamba nyumbani ni Dodoma, aamue yeye. Tafuteni ndugu Mbagala, Kimara, popote, mzee akae. Wiki kadhaa za kulala sebuleni kwa watu zinavumilika.

Kama kumbe aliwekewa mafuta ya silikoni, hayo hayatanuki hivyo, ila yana siku yake ya kurudi kutolewa. Ndiyo maana uliza leo: gesi gani, au mafuta? Akiwa na gesi, akiumwa jino au akihitaji upasuaji mwingine, mtoa usingizi aambiwe mapema, kwa sababu naitrasi oksaidi, gesi ya kuvuta ya ganzi na usingizi, huingia kwenye kiputo na kukivimbisha vilevile.

Matone uliyouliza, asiyaache wala asiyaongeze mwenyewe. Yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa watu wengine hupandisha presha ya jicho, ndiyo maana kila kliniki wanapima. Na mtoto wa jicho huja kwa wengi baada ya upasuaji huu, huo unatibika. Jicho likiuma ghafla, likiwa jekundu, au pazia likirudi, ni hospitali usiku huohuo, msingoje kuche.

Ukishaghairi tiketi andika hapa, dada. Nitakuwa naangalia.